Siku Niliyofua Gauni la Shukrani

Mvua ya El Nino ilikuwa imeninyeshea wiki nzima nikiuzia madereva wa malori chai mpakani Malaba. Jumapili, zamu yangu ya kuhudumia wagonjwa wa kanisa ikafika. Nilikuwa hoi, lakini nikaenda. Nikamkuta Mama Atyang, mjane, amelala nyumbani kwake. Bila kumwamsha, nikafua kila nguo niliyoiona.

Akaamka. “Dada, umefua hata gauni langu? Mimi nimepona! Leo natoa shukrani kanisani!”

Nikavua langu nikampa, nikabaki na shimizi kuukuu. Alipoenda kanisani, nikajifunika blanketi lake, nikalala fofofo.

Nyimbo zikaniamsha. Mchungaji alikuwa mlangoni, waumini nyuma yake.

“Ndiye huyu aliyenipa gauni!” Mama Atyang akasema, machozi yakimtoka.

“Simama, dada, tukuombee,” mchungaji akasema.

Kwa usingizi, nikasimama. Blanketi likabaki kitandani.