Kitabu cha Getini

Walimwita Bi Kisanduku, na jina hilo alilipata kwa ubishi wake mwenyewe. Kila tovuti aliyoitengeneza, iwe ya duka la vioo au ya mshona mapazia, ilikuwa na fomu moja fupi chini ya ukurasa: mahali pa jina, mahali pa namba ya simu, na kisanduku cha kuweka tiki kwamba mtu amekubali kutumiwa ujumbe. Kisanduku hicho alikiacha kitupu. Wateja wake wengi walitaka tiki iwemo tangu mwanzo, ili mgeni asiye makini ajikute yumo kwenye orodha bila kujua. Kwa hilo hakuwa na simile. "Anayetaka kuingia ataingia kwa kidole chake," aliwaambia, "na asiyetaka mwacheni aende zake."

Kabla ya kujifunza kutengeneza tovuti alikaa miaka tisa kwenye mapokezi ya hospitali, akiandikisha wagonjwa. Huko aliona jinsi mtu mzima na heshima zake anavyoshusha sauti akiulizwa anaumwa nini mbele ya foleni. Aliujua na uongo wa watu. Ukimuuliza mtu maswali mawili, atakujibu kweli. Ukimuuliza manane, kuanzia la tatu anaanza kukutungia. Somo hilo la fomu fupi aliwaimbia wateja wake mpaka wakachoka kulisikia.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya karakana ya magodoro, na mwenye karakana ndiye aliyekuwa mteja wake mkubwa. Mzee wa Magodoro alikuwa mtu mpole, nyusi zake hazikosi chembe za sponji, na tatizo lake moja ni kwamba alimwamini kila aliyezungumza haraka. Kwa miaka miwili Bi Kisanduku alikuwa amemjengea orodha ya watu mia tatu na kumi na wawili. Ni wachache, sawa, lakini hakuna hata mmoja aliyeburutwa. Kila mwezi walipata ujumbe mmoja tu: namna ya kugeuza godoro lisibonyee upande mmoja, au dalili za mto uliokwisha kazi. Ujumbe ukitoka, simu ya karakana hulia siku mbili mfululizo. Kulikuwa na bibi mmoja asiyenunua chochote ambaye kila mwezi alijibu, "Asanteni, na ninyi mlale salama."

Basi akaja Mshauri. Mzee wa Magodoro alimwokota kwenye semina ya siku moja ya biashara za mtandaoni, akarudi naye kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Kijana wa watu alivaa viatu vyenye ncha, akasimama katikati ya chumba cha Bi Kisanduku na kuitazama ile orodha kwenye kompyuta kwa huruma.

"Mia tatu na kumi na wawili?" alisema. "Mzee wangu, hao hata msiba mmoja hawaujazi."

Mzee akacheka. Bi Kisanduku hakucheka.

Wiki hiyo nzima Mshauri alimkalia kichwani. Ukurasa uwe mwekundu. Mgeni akifungua tu, dirisha limfunike uso mzima kudai namba yake, na kile kialama cha kulifungia kiwe cha kijivu hafifu, kidogo kama mbegu ya ufuta, asikione. Pawe na saa inayohesabu kwamba punguzo linakwisha baada ya dakika kumi, na dakika kumi zikiisha saa ianze upya. Bi Kisanduku alimuuliza kama na nyumbani kwake huwa anafunga mlango wageni wakishaingia. Mzee wa Magodoro, ambaye hapendi magomvi, aliwaomba wote wawili wapunguze moto, kisha akashuka zake chini kushona.

Siku ya Jumanne, saa sita mchana, Mshauri aliingia anang'aa. Alichomeka simu yake kwenye kompyuta ya Bi Kisanduku bila hata kuomba.

"Elfu nne na mia mbili," alisema. "Nipigie makofi."

"Umezitoa wapi?"

"Getini." Alivuta kiti, akakaa. "Kila jengo kubwa lina mlinzi, na kila mlinzi ana kitabu. Jina, namba ya simu, unakwenda ofisi gani, sababu ya kuja. Mlinzi unamnunulia soda, unapiga picha kurasa zote. Na watu wamejiandika wenyewe, dada yangu, kwa mkono wao. Ruhusa gani tena unataka?"

Mzee wa Magodoro alikuwa amepanda kuleta chai. Alisimama mlangoni na birika, anasikiliza.

"Na uzuri wake," Mshauri aliendelea, "ni kwamba shida zao wametuandikia. Huyu hapa kaenda kwa wakili wa talaka, anahitaji kitanda kipya. Huyu kaenda kwa daktari wa mifupa, mgongo huo! Kila mtu anapata ujumbe unaomhusu. Wewe na fomu yako fupi ungeyajua lini haya?"

Damu ilimchemka Bi Kisanduku mpaka masikio yakapata moto. Mtu anaandika kwenye kitabu kile kwa sababu bila hivyo hafunguliwi geti! Anaandika huku amechelewa, au amebeba mtoto mwenye homa, au ndoa yake inamfia mikononi, halafu mwingine aje na chupa ya soda aigeuze shida hiyo kuwa bidhaa. Alitaka kumwambia hayo yote kwa mpigo. Lakini mkono wake ulikuwa bado unasogeza zile picha, moja baada ya moja, na hapo mkono ukasita.

Aliuona mwandiko wake mwenyewe. Ulikuwa mstari wa tano kutoka juu, tarehe ya wiki tatu zilizopita, jina lake kamili, ghorofa ya nne, kliniki ya saratani. Kwenye sababu ya kuja aliandika "tiba", neno moja, kwa herufi zilizoinama.

Jambo hilo lilijulikana kwa watu wawili tu duniani, yeye na daktari. Uvimbe ulikuwa kwenye titi la kushoto, mdogo, wa kukatwa na kutibiwa, na daktari alimpa moyo. Lakini Bi Kisanduku aliishi na mama yake, mama yake alikuwa afanyiwe upasuaji wa macho Alhamisi hiyo, na wauguzi walisisitiza presha yake isipande. Alijiapiza kwamba bandeji za mama zikitolewa, atakaa naye kitandani, atamshika mikono, atamwambia kwa kinywa chake mwenyewe. Maneno alikuwa ameyapanga hata la kuanzia.

Sasa alisoma namba ya simu kwenye mstari ule. Namba haikuwa yake. Mlinzi alikataa kumpitisha bila namba, na yeye, aliyezoea kuilinda yake, aliandika ile nyingine pekee aliyoijua kwa kichwa. Alidanganya kama wanavyodanganya wote wanaoulizwa mengi. Aliandika namba ya mama yake.

"Futa," alisema.

"Nifute nini?"

"Zote. Futa mbele yangu, sasa hivi."

Mshauri alicheka, kisha akaona uso wake na kicheko kikakatika. "Dada, tulia. Hata hivyo mia tano za kwanza nimeshatuma asubuhi, kuonja tu. Kwa simu yangu, wala sikukusumbua." Akamwonyesha ujumbe wenyewe, kwa fahari kidogo hata hapo. Ulianza na jina la mtu, ukaendelea: *Pole kwa maradhi. Tunajua umeanza tiba ya saratani. Mwili unaopambana unastahili godoro laini. Punguzo kubwa, mwisho Ijumaa! Bonyeza hapa.*

Bi Kisanduku alimgeukia Mzee wa Magodoro. "Wewe ulijua?"

"Mimi nilidhani mmeelewana," alisema Mzee.

"Nimekaa miaka tisa na mafaili ya wagonjwa," alisema Bi Kisanduku, na sauti yake ilisikika mpaka chini kwenye cherehani, maana zilinyamaza. "Kuna watu walikuja kunibembeleza niwaambie mke wa fulani anaumwa nini, na nikawafukuza. Leo nimekaa ofisini kwangu, juu ya karakana yako, mnawatumia wagonjwa matangazo ya godoro! Mzee, mama yangu yumo humu. Na mimi nimo humu."

Mzee hakuelewa mara moja. Alipoelewa aliliweka birika sakafuni, akaichomoa ile simu kwenye kompyuta, akamkabidhi Mshauri bila kumtazama na kumwonyesha ngazi. Alianza kuomba radhi, lakini Bi Kisanduku alikuwa ameshachukua mkoba wake.

Nyumbani palikuwa umbali wa mitaa minne. Aliitembea kwa hasira, akipanga uongo njiani: wamekosea namba, ni matapeli, jina lile wanalo wengi. Akajipa moyo pia kwamba macho ya mama yana ukungu, ujumbe hawezi kuusoma. Mlangoni alipishana na jirani wa nyumba ya pili anatoka. Jirani, ambaye siku zote ana maneno kama redio, alimshika bega kidogo tu na kupita kimya.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha dirishani, simu mapajani, mgongo umenyooka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umewahi?"

"Kazi zimeisha mapema."

"Kaa," alisema mama. "Simu ililia tangu asubuhi, nikafikiri ni watu wa upasuaji wanabadilisha siku. Nikamwita jirani anisomee. Akaanza kwa sauti, akafika katikati akanyamaza. Nikamwambia malizia, mimi si mtoto. Akamalizia."

"Mama, hao ni matapeli, wame..."

"Usinifanyie hivyo." Mama aliinua kiganja. "Mimi ndiye niliyekuzaa. Wiki tatu hizi unalalia upande mmoja na unaoga mlango umefungwa. Niliona, hata kwa macho haya. Nilikuwa nasubiri uniambie."

"Nilihofia presha yako."

"Presha yangu nimeishi nayo miaka ishirini, usiifanye kisingizio." Sauti yake ilikuwa ya hasira kuliko ya kilio. "Yaani wananipa pole kwa jina la mwanangu, halafu hapo hapo wananipunguzia bei!"

Bi Kisanduku alipiga magoti mbele ya kiti, akaitafuta ile mikono miwili kama alivyopanga. Neno la kuanzia lilikuwa limempotea kabisa. Mama alimwachia mkono mmoja. Ule mwingine ulibaki na simu.

"Niambie jambo moja tu, mwanangu," alisema. "Hao watu wa magodoro walijuaje kabla yangu?"