Kandambili za Friji

Katika nyumba ya Crispus, pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, friji ina kandambili zake. Ni za mpira, zimepangwa mbele ya mlango wake, na hakuna anayetoa soda bila kuzivaa. Mgeni akisahau, anapigwa shoti hadi begani, na wenyeji wanacheka.

Thembo, fundi umeme kutoka Kasese, hakucheka. Jumapili moja alikuja kumwona dada yake Yudesi, mke wa Crispus, akachungulia nyuma ya friji. Aliona alichotarajia kwa shemeji wa aina ile: plagi ya Kongo ya miguu miwili imeshindiliwa kwenye soketi ya matundu matatu, na tundu la juu limechomekwa kipande cha kalamu ili soketi ikubali. Waya wa ardhi, ambao ungebeba umeme unaovuja, haukufika popote.

"Nani alifunga hii?"

"Mimi mwenyewe, shemeji," alisema Crispus, ambaye ufundi wake wote ulikuwa kubeba ngazi ya fundi mwingine kule Hima. "Philippe wa Kasindi, kule Kongo, aliniuzia. Hii iko frigo ya Ulaya."

"Na shoti?"

"Ni umeme ya Uganda, iko na nguvu mingi. Mutu anavaa kandambili, inaisha."

Yudesi, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa akipiga deki peku, maji yakienea kuelekea friji. Thembo alimwomba arudi nyuma, kisha akamgeukia Crispus.

"Basi vua hizo kandambili. Simama penye maji, shika mlango. Ukimaliza, sitasema tena."

Crispus alisema sakafu ni baridi. Akasema ana kikohozi. Akasema fundi wa kweli hajaribiwi na shemeji.

"Vua, Baba Musimenta," Yudesi alimwambia mumewe, ameegemea fimbo ya deki. "Mimi nadeki hapa kila siku."

Hakuvua. Vidole vyake viling'ang'ania mpira kama kuku aliyelala juu ya kijiti. Mkewe aliviangalia kwa muda, bila haraka.

"Kaka, kata."

Thembo alizima swichi kuu, akachomoa friji, akakata plagi. Alipopima, nyumba nzima haikuwa na waya wa ardhi, kwa hiyo akaanza kuchimba nyuma ya jiko ili azike nondo ya kupeleka umeme unaovuja ardhini. Yudesi alimletea maji ya kulainisha udongo. Crispus alikuwa barabarani, akiwaeleza majirani kwamba shemeji yake ana wivu, na kwamba soda zote sasa zitapata moto bure.