Neema wa kwenye kiwanja changu amemsalimia mama "mambo"

Leo binti wa akili mnemba ameniaibisha mbele ya mama mzazi.

Mnajua nina kiwanja kwenye ule ulimwengu wa mtandaoni, ambako hati za viwanja zinakaa kwenye blokcheni, lile daftari la kidijitali lisilofutika. Nimejenga nyumba kama za kwetu Iramba, na mwenyeji wake ni Neema, mhusika wa akili mnemba anayeongea na wageni.

Mama alikuwa hajawahi kukitembelea. Kila siku ananisema, "Wenzio wanalima alizeti, wewe unalima simu."

Leo hapa nyumbani Kiomboi nikamwomba akae, nikampa simu.

Neema akatokea mlangoni anatabasamu. "Mambo, mrembo! Karibu geto!"

Jamani.

Mama akaiweka simu mezani taratibu. "Huyu kafundishwa na nani?"

"Na mimi, mama."

"Basi hujamfundisha."

Nilitamani ardhi inimeze, lakini sikukata tamaa. Nikafungua maelekezo ya Neema palepale, nikaandika upya namna ya kumpokea mtu mzima. Nikamrudishia mama simu.

"Shikamoo mama. Karibu ndani. Habari za nyumbani?"

Mama akaisogeza simu karibu. "Marahaba, mwanangu."

Alimwitikia kabisa! Halafu akanigeukia. "Mbona mwenzako hana jiko? Wageni atawapikia wapi?"

Sasa hivi najenga jiko, na mama yuko pembeni ananielekeza mafiga yakae upande gani.

Mlionishauri niuze kile kiwanja, siuzi ng'o.

Haya, semeni: jikoni niongeze nini?