Wageni Kumi na Watano wa Mwajuma

Mwanangu, nilikuwa najisifu kwamba hapa duniani hakuna tena cha kunishangaza. Darasa la nne lilinishinda, maisha hayakunishinda. Nilianza kwa kuuza asali kwa kikombe stesheni ya Urambo. Leo nina maduka mawili Tabora mjini. Ghala langu la tumbaku limewahi kuungua nikitazama, na kesho yake nikaamka kutafuta.

Nakumbuka Jumapili moja, hapa Ipuli, nyumbani kwa mama. Mama yetu alikuwa mwaka wa tatu kitandani kwa kiharusi, akiuguzwa na dada yangu mdogo, Mwajuma. Kumgeuza, kumwogesha, kumlisha uji, kufua mashuka. Hakuna aliyemlipa wala aliyewaza kumlipa. Si mama yake? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilikuwa nikileta mchele na sabuni, nauliza mgonjwa anaendeleaje, naondoka.

Siku hiyo nikaja na kamati ya mfuko wetu wa sadaka, wafanyabiashara tunaochangia wagonjwa wasiojiweza. Nilitaka waone ninavyomtunza mama. Walikuwa kumi na watano, na mbuzi wa kuchinja juu yake. Kwetu aliyekuja kumwona mgonjwa haondoki na njaa, nani asiyejua? Mwajuma akapika pilau peke yake, akikimbilia chumbani kila mama alipoita. Alipokuwa akininawisha, birika likamtoka mkononi. Akakaa chini palepale, amefumba macho.

Nikadhani amekufa. Kumbe amesinzia.

Alipozinduka nikamkemea kwamba ananiaibisha mbele ya watu. Hakupandisha sauti.

"Kaka, wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Umeniletea kumi na watano na mbuzi. Ungeniletea mmoja tu wa kukaa na mama, nikalala."

Mwenyekiti wetu, Mzee Rajabu, fundi cherehani, akamuuliza Mwajuma swali ambalo mimi sikuwahi kuuliza miaka yote ile: na wewe mama, unaumwa wapi? Mgongo, akasema, tangu mwaka jana. Hajaenda kupimwa kwa kuwa hana wa kumwachia mgonjwa. Nikashangaa, mwanangu. Mimi.

Tangu hapo mfuko ukabadili mwendo. Sukari na sabuni zikapungua, fedha zikalipa wanawake wa kushika zamu siku mbili kwa wiki, ili wanaouguza wapumzike. Nesi mmoja mstaafu akawafundisha kumgeuza mgonjwa bila kujivunja mgongo. Kila Alhamisi wanaouguza hukutana, wakanywa chai na kusimuliana vituko vya wagonjwa wao. Mwajuma alitibiwa. Amerudi kucheka, na mama akimsikia naye hucheka, kwa upande mmoja wa mdomo.

Nilipoomba zamu ya Mwajuma ilipwe na mfuko, Mzee Rajabu akanikata maneno. "Wewe lipa mwenyewe. Fedha hizi ni za wasio na kaka mwenye maduka." Nikalipa.

Basi mwanangu, ukienda kumwona mgonjwa, muulize na anayemuuguza kama alilala. Ukitoa sadaka, mnunulie pumziko, maana akianguka yeye wameanguka wawili. Mungu akujalie mikono ya kukutunza uzeeni, naye aihurumie mikono hiyo. Mimi namshukuru kwamba nilifundishwa mama angali hai. Zamu za Mwajuma, wiki sitini na mbili mpaka jana, zimenigharimu shilingi milioni moja, laki mbili na elfu arobaini.