Amplifaya Aliyoichagua Baba

Baba yangu alianza kuzilaumu redio kabla hajayalaumu masikio yake. Alisema redio za siku hizi zimeziba, msoma habari anatafuna maneno, na magitaa ya kwenye kaseti yanalia kama yamefungwa ndani ya gunia. Alizifungua mbili tatu, akazipuliza vumbi, akazifunga. Kosa, kwa maoni yake, lilikuwa la transista. Mashine za zamani zilikuwa na taa, akimaanisha valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani ya redio kuukuu, na sauti ya taa ilikuwa na mwili. Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni na mimi nilikuwa nasomea umeme katika chuo cha ufundi, msichana peke yangu darasani, jambo ambalo baba alilitangaza kwa kila aliyepita barazani. Akaniambia nimuundie amplifaya ya gitaa, ya taa, kama ile ya bendi yao.

Bendi yenyewe ilikufa nikiwa mdogo. Ilikuwa ikipiga dansi kwenye kumbi za kwao Likoni, na ilipovunjika mwenye vyombo aliuza vyombo vyake, baba akabaki na gitaa na kazi ya kiwandani Changamwe. Kazi ilikuwa ya kukata mabati. Kishindo cha mashine ile tulikisikia nyumbani tukiosha vyombo, na nyumba yetu ilikuwa mtaa wa pili. Wenzake walijitia sufi masikioni, ile ile ya kwenye mito. Baba alikataa. Kisu kabla ya kushuka kilitoa mlio mdogo tu, na aliyeziba masikio hakuusikia; alikwisha kuona watu wakiacha vidole pale. Yeye vidole alivitaka kwa ajili ya gitaa. Basi akavilinda, na alizikwa navyo vyote. Nikilifikiria hilo hupandwa na hasira, na sijui nimtupie nani.

Nyumbani hakuna aliyelitamka neno kiziwi. Baba yako humwambii kwamba masikio yamekwisha, kama vile humwambii kwamba kanzu yake imechakaa. Mama alizoea kumgusa bega kabla ya kumsemesha. Sisi wengine tulipaza sauti kidogo kidogo, kila mwezi zaidi, mpaka wageni wakadhani nyumba nzima tunagombana. Adhana ya alasiri ikimpita, mama alikuja akamtandikia mswala miguuni. Alimtia pia masikioni mafuta ya nazi ya vuguvugu yaliyopikwa na kitunguu saumu. Tulikubaliana kwamba ni ya kuyeyusha nta. Baba alilaza kichwa mapajani pa mama, akainuka akisema amepata nafuu, na sisi tukasema alhamdulillahi.

Nilileta michoro miwili kutoka chuoni, nikaitandaza mkekani. Wa kwanza ulikuwa wa amplifaya ndogo ya taa tatu: moja ya kuikuza sauti ya gitaa, moja ya kuisukuma spika, na moja ya kuugeuza umeme wa ukutani uzifae zile nyingine. Vyote vilivyohitajika vilikuwamo ndani ya redio mbovu iliyokaa juu ya kabati letu. Wa pili ulikuwa wa amplifaya kubwa, yenye taa mbili zinazosaidiana kuisukuma spika, sauti ya kujaza ukumbi. Hiyo ilitaka transfoma nzito ambayo hakuna redio iliyokuwa nayo.

"Nakushauri hii ndogo, baba," nilisema kwa nguvu. "Hii naanza leo, wiki haiishi itakuwa inalia."

"Hiyo ni ya kupigia chumbani," alisema. "Mimi si mtu wa chumbani. Yetu ilikuwa namna ya hii kubwa."

"Kubwa itachelewa. Transfoma yake haipatikani hivi hivi."

"Haraka ya nini, mwanangu? Wataka kwenda wapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Mama, aliyekuwa akichagua mchele pale pembeni, alilijua pia, akanikazia jicho nisilitoe. Haraka ilikuwa ya masikio yake. La kushoto lilikuwa limekwisha, na hata la kulia halikuzifikia tena zile nyuzi nyembamba za gitaa. Nilijua kwa sababu alizikwanyua kwa nguvu mpaka zikawa zinakatika. Amplifaya ndogo ingemkuta bado ana kitu cha kusikilizia. Nilitaka ajisikie akipiga, hata mara moja, kabla mlango haujafungwa. Lakini hayo yote yalikuwa hayasemeki, kwa hiyo nikasema mengine. Nilisema ndogo ina sauti tamu zaidi. Nilisema tuanze na ndogo kisha tuifanye kubwa.

"Ukiimaliza hiyo ndogo utachoka," alisema. "Kubwa hutaigusa. Nakujua vyema."

Nikakunja mchoro wa kwanza, nikasema kama upendavyo, baba.

Transfoma ilikuwa Likoni, kwa mtu aliyeing'oa kwenye mashine ya sinema iliyofungwa. Mtu huyo aliapa wallahi ni ya baba, Ijumaa inshallah. Baba akavuka kivuko Ijumaa, akarudi na salamu. Akavuka tena, akarudi na mnazi mchanga aliopewa, sijui wa kumtuliza. Ukaingia mfungo, na baba hakuona adabu kumsumbua mtu aliyefunga. Baada ya Idi yule bwana akafiwa, na mtu aliye matangani humdai kitu. Mimi nilikata bati, nikatoboa matundu, nikafunga vikalio vya taa, nikachomelea kila waya uliokuwa na pa kuchomelewa, nikaacha katikati nafasi tupu ya transfoma. Baba alipenda kuja kuitazama. Aliuliza hiki cha nini, nikamjibu, akatikisa kichwa kwa ridhaa hata pale jibu langu lilipokuwa sijui.

Barazani alicheka wakicheka wenzake, akichelewa kidogo. Halafu akaacha kwenda barazani. Alisema wazee wa siku hizi wana porojo.

Transfoma ilipokuja, alikuja nayo mwenyewe begani, imefungwa gunia, shati limelowa jasho. Niliifunga siku hiyo hiyo. Jumapili baada ya alasiri ua ulijaa majirani, kwa sababu baba aliwaalika wote; mama alikaanga kaimati, kahawa ikapita. Nikawasha. Taa zikapata rangi taratibu, spika ikavuma, na mimi, Mungu anisamehe, kwa muda mfupi nilifurahi kwa ajili ya kazi yangu tu.

Baba aliketi kwenye kigoda, akaliinamia gitaa, akazipatanisha nyuzi kwa muda mrefu. Kisha akapiga.

Vidole vilikuwa vya mtu wa dansi. Kila kimoja kilishuka mahali pake, haraka, bila kubabaika. Lakini nyuzi kila mmoja ulikwenda njia yake, na amplifaya ile, iliyotoka nzuri kuliko nilivyotarajia, haikuficha chochote. Ilitoa makosa yote mpaka barabarani. Mtoto mmoja alicheka, akafinywa na mamake. Mzee wa jirani, aliyewahi kulicheza dansi la bendi ya baba ujanani, aliangalia ndani ya kikombe chake.

"Maashallah," alisema yule mzee, baba alipomaliza.

"Maashallah," wakaitikia wengine, na mama miongoni mwao. "Yalia kweli kweli."

Baba alitabasamu. Alisema kuna arusi Junda mwezi ujao, atawaomba wampe nafasi. Kisha akanigeukia.

"Hawa ni wageni, watasema lolote. Wewe ndiwe fundi. Iko sawa?"

"Nyuzi hazipatani, baba," nilisema, kwa sauti ambayo ningemwambia mtu yeyote.

"Naam?"

"Nyuzi hazipatani."

Aliniinamishia sikio la kulia, bado anatabasamu. Mama alitikisa kichwa, usiseme. Nami niliwaza ile arusi ya Junda, vijana wasiomjua wakizomea, na yeye akidhani anashangiliwa. Jambo kama hilo ungependa kumnong'oneza mtu, na yeye hanong'onezeki. Nikapiga ukelele.

"Husikii, baba. Gitaa halijapatana, na wewe husikii."

Waliokuwa wakiteka maji ng'ambo ya njia waligeuka.

"Nimesikia," alisema.

Majirani waliaga mmoja mmoja, wakiweka vikombe chini polepole kana kwamba kuna mgonjwa. Mama aliingia jikoni. Sijuti kwamba nilisema. Kilichoniuma ni kwamba ilibidi mtaa mzima usikie ndipo naye asikie.

Tulipobaki wawili alinipa gitaa nilipatanishe. Hilo nililiweza, alinifundisha nikiwa bado sijaanza shule. Alitazama mkono wangu ukizungusha vishikizo vya nyuzi, mmoja baada ya mwingine, na nilipomaliza nikamrudishia. Hakulipokea.

"Piga wewe," alisema. "Mashine yako yataka mtu wa kuipigia."

Nikamwambia sijui kupiga. Safari hii sikuhitaji kupaza sauti, aliyasoma midomoni mwangu. Alikuwa amenifundisha kupatanisha nyuzi, nikaenda kusomea umeme, na kwenye kupiga kwenyewe hatukuwahi kufika. Alitikisa kichwa kukubali, akaegemea ukuta. Gitaa lilikaa mapajani mwangu limepatana sawasawa, taa zinawaka, spika inavuma, mpaka mama akatoka akauliza mbona hatuizimi.