Uso wa Mokua

Loice wa Nyakoe alianza kwa kuandika mabango ya maduka pale Daraja Mbili. Jina lake lilikuja kuvuma alipoanza kuchora watu waliokufa zamani. Alikuwa akipekua picha za kale kwenye tovuti ya hifadhi moja ya nyaraka, anazipitisha kwenye akili unde, kisha anakichora kwa rangi kile anachopewa.

Humo ndimo alimompata mpagazi wa vita vya Wajerumani. Nyuma ya picha paliandikwa: Mokua, Kisii, 1917. Ukungu ulikuwa umeula uso wote, vimebaki shingo na mzigo. Loice akaiambia mashine iujaze uso. Ikamletea mwanamume mwenye macho ya upole na kovu dogo shavuni. Lile kovu alilipenda sana.

Siku ya maonyesho mjini Kisii, mzee mmoja wa Ekerenyo, jina lake Alfayo, alisoma jina la Mokua chini ya mchoro huo, akasimama mbele yake hadi miguu ikachoka. Akavua kofia.

"Huyu ni babu yangu," akasema. "Alichukuliwa vitani, hakurudi. Hatukuwahi kuiona sura yake. Mwanangu, Mungu akubariki."

Watu wakapiga makofi. Loice akampa mzee nakala.

Wiki tatu hakushika brashi. Kisha Alfayo akapiga simu: mjukuu amezaliwa, wamemwita Mokua, maana macho ni yale yale. Kesho yake Loice akapanda boda boda hadi Ekerenyo.

Nakala ilikuwa sebuleni, juu ya picha za harusi. Loice alikataa kuketi.

"Mzee, uso huo haukuwepo. Kulikuwa na ukungu tu. Mashine ilibuni."

"Hata macho?"

"Hata macho."

"Na kovu?"

"Nalo pia. Wala sijui kama ndiye Mokua wenu. Wenye jina hilo walikuwa wengi."

Bathsheba, mke wa mzee, alikuwa ameshika birika. "Siku ile mjini ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ukanyamaza."

Chai haikumiminwa. Alfayo alishusha nakala, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Jina la mtoto litabaki," akasema. "Hilo halikutoka kwako."

Loice aliuondoa mchoro kwenye maonyesho, akatundika picha yenyewe na ukungu wake. Wengi huipita bila kusimama. Mara mbili amempigia Alfayo. Simu inaita tu.