Tumekosa Moto Nyumbani

Miaka kumi na miwili nililala na soksi. Zilikuwa zile nene za sufu alizoniletea mume wangu majira yetu ya kwanza ya baridi katika nyumba ile, akisema, "Vumilia, maman, mwaka kesho tutatia chauffage central," ule moto wa mabomba unaofika kila chumba. Mwaka ule ukaja, ukapita, ukaja mwingine. Nyumba yetu ya mtaa wa Etterbeek, huku ugenini, ilikuwa ya zamani, nyembamba, ndefu kwenda juu, ngazi hamsini na mbili, na joto lake lote lilitoka kwenye jiko moja la gesi lililosimama sebuleni. Ukikaa karibu nalo unaungua magoti. Ukipanda chumbani unaiona pumzi yako mwenyewe.

Kisha, mwezi mmoja wa Novemba, akasema tuiuze. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Tangu Pasaka alikuwa akilala kwenye sofa kando ya jiko kwa sababu ngazi zilimshinda, na mimi nikilala juu, mimi na soksi zangu. Mtaa wa pili tulikuwa tumeona fleti yenye lifti. Nilikubali bila kubisha hata kidogo. Ugomvi uliletwa na sentensi iliyofuata.

"Mais kabla ya kuuza, tutie kwanza chauffage central. Mu vyumba vyote."

Niliweka kijiko chini. "Ju ya nani?"

"Ju ya bale batanunua. Na clim pia, ile ya kutoa moto na baridi."

Clim! Katika mji ambao ukiingia kuoga wakati usiofaa, majira ya joto yanaweza kukupita.

"Donc mimi nitetemeke miaka douze," nikamwambia, "halafu batu benye sijui hata majina yabo njo bapate moto?"

Niseme wazi kwamba niliumia. Baridi yenyewe nilikwisha kuizoea. Kilichonikera ni kugundua kwamba moto ule uliwezekana siku zote, ila si kwa ajili yangu. Nikamwapia kwamba siku fundi atakapoingia na bomba la kwanza, mimi nitatoka na sanduku langu. Tukaishi hivyo mpaka Januari, tukizungumza habari za chumvi na ufunguo basi.

Tulimwuliza ajenti wa nyumba, dada mmoja mpole mwenye haraka. Akasema wanunuzi wengine wanataka kila kitu kiwe tayari, wengine wanataka kujifanyia wenyewe. Kwa jibu hilo kila mmoja wetu aliona ameshinda. Akatupa siku: Jumamosi saa tisa alasiri ataleta mke na mume waione nyumba.

Jumamosi hiyo asubuhi jiko likakohoa mara mbili, likazima.

Mume wangu alilipiga, akalibembeleza, akalitukana. Mwishowe akamwandikia ujumbe fundi wetu, mzee wa Kinshasa tuliyemwita tonton, ambaye pia alikuwa shemasi kanisani kwetu. Tonton hajui Kiswahili hata cha salamu, na Kilingala cha mume wangu, mtu wa Bukavu, alikipata kwenye nyimbo. Akaandika: *Tozangi moto na ndako. Yaka noki.* Yaani tumekosa moto nyumbani, njoo upesi. Kisha akateremka kwenye chumba cha chini ya ardhi kukagua mabomba, mahali ambapo simu haishiki kabisa.

Ni kweli kwamba katika Kilingala moto ni moto. Lakini kuna moto mwingine, na huyo ni mtu. Ukisema kwa mdomo, sauti ndiyo inayoyatofautisha, na aliyezaliwa Kinshasa hakosei. Simu haiandiki sauti. Tonton akasoma: tumekosa mtu nyumbani, njoo upesi. Akapiga, hakupokelewa. Akafikiri: nyumba ile wanaishi wawili, na aliyeandika ni mume.

Ilipofika saa sita, barabara nzima ya Chaussée de Wavre, penye maduka ya watu wa kwetu, ilijua kwamba nimekufa.

Marehemu alikuwa ghorofa ya juu, bafuni, amevaa sweta mbili na kitenge, anasugua vigae kwa ajili ya wanunuzi, na redio ameifungulia hadi mwisho. Sikusikia kengele. Aliyefungua mlango ni mume wangu, spana mkononi, na maman kiongozi wa kwaya akamwangukia shingoni: "Papa, pole! Pole, papa! Juzi tu maman aliimba na siye!" Nyuma yake walisimama wanaume wenye viti na wanawake wenye sufuria zilizofunikwa, maana matanga bila chakula si matanga.

Aliniambia baadaye kwamba hakuuliza neno. Alijua tu kwamba niko juu tangu asubuhi, kwenye baridi ile, na kwamba hatujasemezana vizuri kwa miezi miwili. Akapanda. Mtu aliyeshindwa na ngazi kumi alipanda hamsini na mbili. Nilisikia vishindo nikadhani jiko limelipuka. Mlango ukafunguka, akasimama pale jasho linamtiririka.

"Uko?" akasema.

"Niko. Ulitaka niwe wapi?"

Akakaa ukingoni mwa bafu akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ile alipopigiwa simu kwamba mama yake hayupo tena. Nilibaki na brashi yangu hewani.

"Banasema umekufa," akasema.

"Banani?"

"Batu bote."

Nilitaka kucheka, lakini uso wake ulinizuia. Nikazima redio, nikakaa kando yake. Ndipo akaniambia, huku akijifuta kwa taulo nililowawekea wanunuzi, kitu ambacho hakuwahi kukisema miaka yote ile.

"Haikuwa ju ya ubahili. Kila mwaka nilisema, mwaka kesho tunarudia Bukavu. Sasa ju ya nini kutia mabomba mu nyumba ya kupita? Miaka njo ikaenda vile. Wakati wa kuuza, haya ikanishika. Nilitaka hata mugeni aseme nyumba yangu ilikuwa na moto."

Hata mimi, masanduku yetu ya safari nilikuwa sijawahi kuyapeleka kwenye chumba cha chini ya ardhi; yalikaa chini ya kitanda miaka yote kumi na miwili. Nikamshika mkono, tukashuka polepole, maana sasa magoti yalikuwa yamekumbuka kuuma.

Kuingia kwenye matanga yako mwenyewe si jambo dogo. Maman wa kwaya alipiga ukelele, sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikamtoka mikononi, na tonton akaidaka kabla haijafika chini. Kwa siku ile hilo ndilo lililokuwa tendo lake pekee la busara. Mama mmoja aliyeanza kulia tangu kwenye tramu alishindwa kujizuia, akaendelea kulia kwa furaha. Nikagundua pia kwamba nafasi yangu mstari wa mbele wa kwaya ilikwisha kupata mtu. Mwenyewe alinikumbatia kwa mkono mmoja.

Basi tufanye nini? Chakula cha msiba hakirudishwi. Tukakaa, tukala. Watu zaidi ya thelathini katika sebule ile, samaki, fufu, vicheko, kisha nyimbo zile zile walizokuja nazo kunizikia, wakiziimba kwa mwendo wa harusi. Madirisha yakaanza kutoa jasho. Nikavua sweta ya kwanza. Nikavua ya pili.

Saa tisa kamili ajenti akafika na watu wake. Niliona rangi ikimtoka. Lakini kwetu mgeni hasimami mlangoni watu wakila, kwa hiyo kabla hajasema lolote yule mke alikuwa na sahani mkononi na yule mume ametafutiwa kiti. Akavua skafu, akavua koti, akakunja mikono ya shati. Akatazama pembe zote za chumba, kisha akauliza tunatumia mfumo gani wa joto, maana kwao hawajawahi kupata joto zuri namna hii.

Mume wangu akanitazama. Tonton akatazama sahani yake. Yule mnunuzi akainuka, akaweka kiganja juu ya jiko. Lilikuwa baridi kabisa.

"Alors, c'est quoi?" akauliza. Ni nini basi?

"C'est les gens, monsieur," nikamwambia. Ni watu.

Akacheka mpaka akakaa tena. Wakainunua wiki ile ile. Na mwezi wao wa kwanza humo wakang'oa kila kitu: sakafu, jiko, hata vigae vyangu nilivyovisugua. Nilipita nikaviona kwenye kontena mbele ya nyumba, nikarudi kumwambia mume wangu kwamba mabomba yake yangekuwa mle mle. Nilimwambia hivyo siku saba mfululizo, kwa sababu nilikuwa na haki.

Fleti ina radiata kila chumba, hata chooni. Soksi nimezigawa. Kila chumba kina joto lake, na mwanzoni tulikuwa tunapotezana humo ndani, mmoja huku, mwingine kule, wakati kule nyumba ya zamani jiko lilitulazimisha kuonana.

Majira ya baridi yaliyofuata, siku moja nikitoka kazini, nikiwa kituoni Porte de Namur nimebeba mifuko ya sombe, simu ikalia kwa ujumbe. *Tozangi moto na ndako.*

Nikampigia pale pale. "Chauffage imekufa?"

"Chauffage inatembea muzuri. Vyumba vyote viko na joto."

"Sasa unakosa moto gani?"

Nilisikia televisheni nyuma yake, halafu nikasikia akiizima.

"Usome vile tonton alisomaka," akasema.